Sura ya Tatu: Usiku wa Gusii Una Wenyewe

Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na watu waliowatuhumu kuwa wachawi. Mei 2008, watu 11 walikuwa wamechomwa moto huku Kisii kwa tuhuma za namna hiyohiyo. Kitabu cha kumfundisha mtu kutazama nyota hakitarajiwi kuanzia hapo, ila aliyezaliwa Gusii hatauliza kwa nini. Huku kwetu, mtu anayeonekana amesimama peke yake shambani saa saba za usiku, ameinua uso na hasemi na yeyote, tayari ana jina. Akiwa na bahati ataitwa mwizi. Akikosa bahati ataitwa omorogi, yaani mchawi, na jina hilo halifutiki kwa kuwaonyesha watu picha za Njia ya Maziwa kwenye simu.

Vitabu vya Ulaya na Marekani humwambia anayeanza aende mbali na watu, atafute jangwa au mlima usio na nyumba. Sisi hatuna jangwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii, yaani zaidi ya 950 katika kila kilomita mraba, na 605,576 Nyamira. Kila tuta lina boma, kila boma lina mbwa, na mbwa mmoja akibweka Nyaribari yote inajua. Anayeanza kazi hii kwa kujificha gizani ameanza vibaya. Kabla ya stendi na kabla ya lenzi, kuna majirani.

Waambie mapema, tena mchana. Kama utakuwa kwenye boma lenu, mzee wa kijiji na watu wa Nyumba Kumi wanatosha. Kama ni uwanja wa shule au kituo cha kupimia majani chai, naibu wa chifu naye ajue. Maneno yasiwe mengi: "Mzee, leo jioni nitakuwa pale uwanjani na kamera, napiga picha za nyota. Nitakuwa na vijana wawili. Ukiona taa nyekundu ni yangu, na ukitaka kuja kuangalia, karibu sana." Hiyo taa nyekundu ina kisa chake. Kila mwongozo wa nyota unasisitiza tochi nyekundu, kwa sababu macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mweupe huyaharibu papo hapo. Ni kweli kabisa. Lakini aliyeandika hayo hakufikiria mwanga mwekundu unaotembea polepole katikati ya majani chai usiku wa manane, ukionwa na bibi aliyeamka kwenda choo. Itumie tochi hiyo, ila iwashe mbele ya watu jioni ile ya kwanza, wajue ni tochi ya kawaida iliyofunikwa karatasi ya plastiki nyekundu.

Na usikae nje mpaka alfajiri. Jiografia imetupendelea hapo. Kisii mjini iko kama nyuzi 0.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Jua halina mizaha: mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kamili jioni. Kufikia saa mbili na robo giza limekamilika, iwe Januari au Julai. Mtu wa London akitaka giza kamili mwezi wa Juni halipati, maana mwanga wa machweo hauishi usiku kucha. Wewe unakula chakula cha jioni, unatoka, unafanya kazi saa mbili nzima, na saa nne na nusu umelala kama watu wengine. Boma zima limekuona ukitoka na limekuona ukirudi.

Watu wa huku wana mazoea ya kuangalia machweo kuliko wanavyojua. Tangu Waadventista wafungue misheni yao Nyanchwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, Wagusii wengi huanza Sabato Jua linapozama siku ya Ijumaa, na huulizana saa hiyo kwa uangalifu kuliko mtabiri yeyote wa hewa. Wana pia nyota zao. Kitabu cha Ayubu katika Biblia ya Kiswahili kinazitaja Kilimia na Orioni kwa majina, na Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, aliandika juu ya nafasi iliyo wazi katika Orioni. Kwa hiyo ukimwonyesha mama yako zile nyota tatu zilizo kiunoni mwa Orioni, usishangae akikuhubiria. Kinachonishangaza mimi ni mahali zinapopita. Nyota tatu za mshipi wa Orioni ziko karibu kabisa na ikweta ya anga, na Gusii iko karibu kabisa na ikweta ya dunia, hivyo mshipi huo unapita utosini mwetu hasa. Mwishoni mwa Desemba uko juu kabisa karibu saa sita usiku; kwa kuwa nyota hutangulia dakika nne kila siku, mwishoni mwa Januari unafika pale saa nne kasorobo. Lala chali kwenye mkeka, utauona bila kugeuza shingo.

Faida nyingine ya ikweta ni kwamba hakuna nusu ya anga iliyofichwa. Katikati ya Mei, kama saa nne usiku mawingu yakiruhusu, Msalaba wa Kusini umesimama upande wa kusini, na kwa wakati uleule zile nyota saba za Dubu Mkubwa zimening'inia kaskazini, upande wa Kisumu. Wa London hatauona Msalaba akiwa kwao hata siku moja. Kitovu cha Njia ya Maziwa, ambacho Mwingereza hukiona nyuzi 10 tu juu ya paa za nyumba, kwetu hupanda mpaka nyuzi 60 na zaidi. Agosti saa tatu usiku kiko mahali pazuri kuliko pote.

Mawingu yakiruhusu, nimesema. Hapa ndipo Gusii inapotoza ushuru wake. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka na hazina mwezi ulio mkavu kweli. Mchana upepo kutoka Ziwa Victoria hubeba unyevu, hukutana na pepo za mashariki juu ya milima yetu na ya Kericho, na kufikia saa tisa ngurumo zimeanza. Mkulima wa chai anajua mvua ya mawe inavyoangukia majani. Jioni inaonekana imeharibika. Usikate tamaa mapema. Nchi kavu ikipoa, mambo hugeuka: mawingu ya mlimani hukosa nguvu, na dhoruba huhamia ziwani. Mara nyingi saa tatu au saa nne anga juu ya Nyamira limefunguka, tena limesafishwa vumbi na moshi na mvua ileile, huku upande wa magharibi radi zinamulika kimyakimya juu ya ziwa. Miezi ya kutegemea ni Desemba hadi Februari, na kwa kiasi fulani Julai na Agosti. Aprili waachie wapanda mahindi. Na ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, toka kwenye kilele na weka stendi ya chuma chini. Ukanda huu unapigwa na radi sana na hakuna picha inayostahili hilo.

Sasa simu. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya darubini, na jibu langu ni lile lile: onyesha simu uliyo nayo. Simu nyingi za bei ya wastani zinazouzwa mjini Kisii siku hizi zina sehemu ya kamera iitwayo Pro, na wenye simu hizo hawajawahi kuifungua. Ifungue. Weka ISO 1600. Weka muda wa kupokea mwanga sekunde 20. Fokasi isiachiwe simu, maana gizani itahangaika mbele na nyuma. Ivute kwa mkono mpaka kwenye alama ya mlima. Weka kipima saa cha sekunde tatu, ili kidole chako kiwe kimeondoka kabla picha haijaanza. Simu ishikwe na stendi. Kama huna, iegemeze kwenye jiwe juu ya stuli, kioo kikitazama chini na lenzi ikitazama mbingu. Simu za Google Pixel, kuanzia Pixel 4 ya mwaka 2019, zina hali maalumu ya kupiga nyota inayofanya haya yote yenyewe, lakini usikope pesa kwa ajili hiyo.

Sekunde 20 hazikutoka hewani. Dunia inazunguka, na nyota ikiachwa muda mrefu mbele ya lenzi tulivu huchora mstari badala ya nukta. Kanuni ya wapiga picha ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi kuu ya simu huwa sawa na milimita 25 hivi, unapata 20. Mwenye kamera ya mtumba aina ya Canon na lenzi yake ya milimita 18 azidishe kwanza kwa 1.6, kwa sababu ya udogo wa kihisi chake, apate kama sekunde 17. Lenzi ya milimita 50 inamwachia sekunde sita tu. Na nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, Orioni mojawapo, ndizo zinazokimbia kuliko zote, kwa hiyo sisi tusiitumie kanuni hiyo kwa ukarimu. Punguza kidogo.

Picha ya kwanza itakuwa na chenga. Kila mtu humlaumu fundi wa simu, lakini chenga ni tabia ya kihisi chochote kinachonyimwa mwanga. Dawa yake ni kupiga picha nyingi za mahali palepale bila kugusa stendi, kisha kuzipanga moja juu ya nyingine kwa kompyuta. Chenga huruka huku na huku, nyota zikishalinganishwa hubaki palepale. Ukizichanganya picha 16, chenga hupungua mpaka robo na nyota haipotei. Programu za Sequator, DeepSkyStacker na Siril hufanya kazi hiyo bure, na laptopu ya saiba inaziweza ukiipa muda. Mwezi hauhitaji hayo. Kosa la kawaida ni kuupiga kwa hali ya usiku ukatoka kama taa ya gari. Ule ni uso wa mawe unaopigwa na Jua la mchana: ISO 100 na sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mwenye kamera atafika mahali atake zaidi ya sekunde hizo chache, na hapo ndipo napenda kumpeleka kwa fundi seremala badala ya dukani. Miaka ya 1970 Mskoti mmoja, George Haig, alieleza jinsi ya kutengeneza kifaa cha kufuata nyota kwa mbao mbili na bawaba. Fundi yeyote wa Keroka atakitengeneza asubuhi moja, akishamaliza kucheka. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu vya urefu wa sentimita 30, viunganishe upande mmoja kwa bawaba isiyolegea, vifunguke kama kitabu. Pima milimita 229 kutoka katikati ya pini ya bawaba, toboa tundu ubao wa chini, na zamisha humo nati ya M6. Bolti ya M6 ya kawaida hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko. Ukiizungusha mara moja kila dakika, ukifuata mshale wa sekunde, ncha yake inausukuma ubao wa juu kwa kasi ileile ambayo anga inageuka. Kamera ikae juu ya ubao huo, kwenye kichwa kinachogeuzwa kila upande. Kwa lenzi pana unaweza kuacha mwanga uingie dakika tano nzima bila nyota kuvuta mkia.

Mskoti huyo alilazimika kuinamisha bawaba yake zaidi ya nyuzi 50 na kuilenga kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu sisi ncha za anga ziko kwenye upeo wa macho, moja kaskazini na moja kusini, kwa hiyo bawaba inalala tu. Iweke sawa kwa pima-maji ya fundi mwashi, ielekee kaskazini na kusini, bawaba ikiwa upande wa magharibi na bolti upande wa mashariki, ili ubao ukiinuka kamera iinamie magharibi inakokwenda nyota. Dira ya simu inatosha, mradi usiiweke karibu na chuma. Nyota ya Kaskazini usiitafute. Imejificha nyuma ya vilima na ukungu, na vile vifaa vya bei ghali vyenye tundu la kuichungulia vilitengenezwa kwa watu wa kwingine. Ndiyo maana nasema kifaa cha mbao kinafaa zaidi Nyamira kuliko kilikozaliwa.

Darubini isubiri mwaka. Zile ndogo zinazouzwa kwenye maboksi yaliyoandikwa kwamba zinakuza mara 500 ni vitu vya kuwekwa juu ya kabati. Binokula za 7x50 au 10x50 zinamtosha anayeanza: ataliona wingu la Orioni, miezi minne ya Mushtarii, Kilimia imetawanyika kama unga uliomwagika, na Mei au Juni, upande wa kusini, lile fundo kubwa la nyota liitwalo Omega Centauri. Zishikwe na kitu, kwa kuwa mikono hutetemeka, hasa kwenye baridi ya Nyansiongo. Umande nao utakaa kwenye kioo. Futa kwa kitambaa laini, usifute kwa shati.

Nyansiongo naitaja kwa makusudi. Ukishazoea boma lenu utatamani giza zaidi, na giza la Gusii linapungua kila mwaka. Kila soko limepata mulika mwizi wake, ule mlingoti mrefu wenye taa nyeupe, na hakuna mwenye duka atakayekubali uzimwe kwa ajili ya nyota. Wala mimi singemwomba. Wengi watakuelekeza kwenye miamba ya Manga. Mandhari ya Manga ni ya kweli, siku safi macho yanafika mbali upande wa ziwa, lakini kwa nyota ina kasoro mbili. Mji wa Kisii uko chini upande wa kusini-magharibi, palepale kitovu cha Njia ya Maziwa kinapoelekea kuzama, na ukingo wenyewe ni mkali mno kwa mtu anayerudi nyuma huku akitazama juu. Nenda machweo, piga Mwezi mwandamo na Zuhura juu ya ziwa, urudi. Kwa giza nenda Borabu, iliko Nyansiongo. Mashamba ya walowezi yaliyogawanywa huko wakati wa uhuru bado ni makubwa kuliko vijisehemu vyetu, nyumba ziko mbalimbali, na mwanga wa Kisii unabaki mgongoni ukitazama mashariki na kusini. Tafuta rafiki mwenye shamba la ng'ombe, lala kwake, na askari wake wa usiku awe wa kwanza kutazama kwenye binokula.

Kuwashirikisha watu hivyo siyo adabu tu. Kenya hii, elimu ya anga iliyofika mbali imefika kwa umati. Susan Murabana na Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope mwaka 2014, wakabeba darubini kutoka shule hadi shule, watoto wakipanga foleni kutazama Zohali na pete zake kwa macho yao. Klabu ya sayansi ya shule ya upili, Nyamira au Ogembo, inaweza kufanya hivyo kwa binokula na stendi. Mwalimu aliye pale ni kinga yako na wanafunzi ni mashahidi wako. Kesho yake kijiji kizima kimeshaelezwa na watoto wake.

Tarehe mbili ziandike sasa. Tarehe 2 Agosti 2027, mchana, Jua litapatwa kabisa Misri na hadi Somalia, na huku kwetu litaliwa sehemu. Siku hiyo hakuna kutazama bila miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua, wala kuelekeza binokula au kamera isiyo na kichujio chake. Miwani ya kawaida ya jua na filamu za eksirei hazikingi chochote.

Ya pili ni bora zaidi kwa picha. Jumapili tarehe 31 Desemba 2028, Mwezi utachomoza umekwisha kuliwa karibu nusu, Jua likizama upande wa pili. Kati ya saa moja na robo na saa mbili na nusu usiku hivi utakuwa ndani ya kivuli cha Dunia kabisa, wenye rangi ya shaba. Tafuta mahali ambapo mashariki hapana miti wala kilima. Weka stendi saa kumi na mbili. Lenzi ndefu, ISO 1600, anzia sekunde moja na uangalie matokeo. Wa simu aishikize kwenye tundu la binokula na apunguze mwanga kwa kidole. Watu wengi watakuwa wamerudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, na waumini watakuwa wakijiandaa kwa kesha la mwaka mpya. Nenda ukamwone mchungaji wiki moja kabla, umweleze saa Mwezi utakapobadilika rangi na kwa nini, naye atangaze. Usipowaambia wewe, mwingine atawaeleza maana ya Mwezi mwekundu usiku wa mwisho wa mwaka, na stendi yako itakuwa imesimama hapo nje.